Mistari Minne Kando ya Jina la Guyo

Joto ndilo lililotupokea kwanza. Tulikuwa tumetoka Murang'a alfajiri kwa lori la serikali, baba mbele na dereva, mimi na mama nyuma juu ya magodoro, na hadi Timau nilikuwa bado nimejifunika blanketi. Kisha barabara ikaanza kuteremka. Kwa kila kona harufu ya ngano mbichi ilipungua na nyingine ikapanda: vumbi kavu, samadi ya mbuzi, moshi wa kuni za mgunga. Tulipofika Isiolo blanketi lilikuwa miguuni, nami nilikuwa na kiu ambayo sikuwahi kuijua. Baba alikuwa fundi wa pampu za maji, amehamishwa. Tukapewa nyumba upande wa Burat, nami nikaingizwa darasa la tano. Siku ya kwanza mvulana mmoja Mborana, Guyo, aliniuliza kwetu hulimwa nini. Nikasema viazi. Tangu hapo jina langu likawa Viazi.

Mwalimu wetu wa darasa, Mwalimu Ekiru, alikuwa Mturkana mrefu mwenye suruali moja ya kijivu na kola iliyonyooshwa kwa pasi ya makaa. Kila asubuhi mstarini aliomba kwa sauti, na hakuacha kumtajia Mungu makosa yake ya jana: kwamba alimkaripia mkewe, kwamba alichelewa kazini. Wakristo tulicheka chinichini. Waislamu walisimama nasi wakingoja amalize. Mimi, kwa kuwa mwandiko wangu ulisomeka, nilifanywa kiranja. Mwalimu akitoka, kazi yangu ilikuwa kuandika majina ya wapiga kelele, na aliyerudia niliongeza mstari kando ya jina lake. Kila mstari ulikuwa kiboko kimoja, maana zama hizo kiboko kilikuwa bado halali. Ijumaa moja ya Ramadhani niliandika jina la Guyo, na kando yake mistari minne. Guyo hakuwa amefungua mdomo. Alikuwa amelaza kichwa juu ya dawati, midomo imekauka kwa saumu. Nilimwandika kwa sababu ya viazi. Alipoitwa hakujitetea. Alinyoosha kiganja, akapokea vinne, akarudi kukaa. Jumatatu hakuja shuleni, wala Jumanne.

Wiki hiyohiyo ng'ombe waliibwa ng'ambo ya lugga, ule mto wa mchanga usio na maji, na maneno yakawa makali kati ya Waturkana na Waborana. Watu wakaacha kuvuka. Jumatano Mwalimu aliuliza Guyo yuko wapi. Nkirote, aliyeketi naye dawati moja, akasimama.

"Mwalimu, siku ile Guyo alikuwa amelala. Amefunga. Kiranja ndiye anajua alisikia kelele gani."

Nikangoja viboko vyangu. Mwalimu akaweka chaki mezani. "Uliandika uongo, na utaujibu," akasema. "Lakini mkono uliochapa ni wangu."

Kupitia dirisha la ofisi tulimsikia mwalimu mkuu akimkataza kwenda kwa akina Guyo kuomba radhi. Mwalimu akimwangukia mtoto, kesho atamtawala nani? Tena ng'ambo, wiki kama hii? Wenzake wakamtania kwamba anataka kuzikwa na chaki mfukoni. Saa kumi jioni alinichukua, tukavuka mchanga. Hakubeba hata fimbo, katika nchi ambayo mwanamume hatoki kwake bila fimbo. Kisigino cha kiatu chake cha kushoto kilikuwa kimeliwa upande mmoja. Nilikitazama hicho njia nzima, nikiogopa kuinua macho.

Baba yake Guyo alisimama mlangoni mwa boma, vijana watatu nyuma yake. Aliitikia salamu polepole.

"Serikali imekutuma?"

"Hapana, mzee."

"Mkuu wa shule?"

"Amenikataza."

"Sasa ni nani anakutuma, siku kama hizi?"

"Kila asubuhi namwomba Mungu anisamehe, na Guyo yuko pale ananisikia. Nikinyamaza leo, kesho nitaomba kwa mdomo gani? Sikuja kwako, mzee. Nimekuja kwa mtoto."

Akapiga goti vumbini mbele ya Guyo, akamwambia kwamba alimchapa bila kumuuliza, na akaomba msamaha. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, lakini sikuwa nimewahi kuona mtu mzima akiinama mbele ya mtoto. Zamu yangu ikafika. Nikakitazama tena kile kisigino, radhi sikuomba. Mzee akasema jua liko karibu kuzama na mgeni hafukuzwi wakati wa futari. Adhana ilipoisha, mama yake Guyo alileta buni nzima za kahawa zilizokaangwa kwa samli, zikielea katika maziwa, kitu ambacho kwao hupewa mtu wa amani. Hadi leo nikisikia harufu ya samli moto nasimama. Guyo akanisukumia bakuli.

"Viazi, kula."

Alhamisi alirudi darasani. Mwalimu Ekiru naye akaondolewa kwetu, akapewa darasa la kwanza, na hata mtaani Bulla Pesa watu walimwita Magoti. Aliitika. Kiboko hakukishika tena.

Mtembezi hula miguu yake, na yangu nimeila katika miji mingi nikifunga nyaya za umeme kwenye nyumba za watu. Nimekosea wengi, wengi wamenikosea, na siku hizi tunaombana radhi kwa ujumbe wa simu, bila kuvuka mchanga wowote. Mara mbili nimepita Isiolo nikienda Moyale. Barabara imekuwa pana na taa ni nyingi. Sikushuka.

Nilipokuwa darasa la sita, mwisho wa mwaka, baba alihamishwa tena. Nilikuwa nimejiapia kwamba kabla sijaondoka nitamwambia Guyo kwamba nilimwandika bure, anisamehe. Asubuhi hiyo lori lilipopita kando ya lugga alikuwa pale, akinywesha mbuzi kwenye kisima cha mchangani. Aliinua kiganja, kilekile, akaita, "Viazi!" Nikapunga mkono tu. Barabara ikaanza kupanda kuelekea Timau, na mama akanipa blanketi. Nililikataa, nikitaka kubaki na lile joto, mpaka baridi ikanishinda.