Kunguni wa Mama Mkwe

Siku niliyofanyiwa mtihani wa leseni ya kupuliza dawa, mwanangu, naikumbuka hadi leo, na kila nikiikumbuka natamani kujifunika uso. Nimesikia umemaliza mafunzo ya kuua wadudu, cheti unacho, na sasa unatafuta viatu vya mpira na bomba zuri. Hongera. Lakini keti kwanza, viatu havikimbii. Kuna jambo ambalo waliokufundisha hawakukwambia, kwa sababu hawakuwa na mama mkwe Birongo.

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya sabini. Nilikuwa nimemwoa Kerubo, ng'ombe wa mahari wamefika kwao, na mimi nikijifunza kazi chini ya Bwana Afya mmoja mjini Kisii. Alikuwa mtu wa pwani, mpole, ila kazini hakuwa na mchezo. Alinionyesha jinsi ya kuchanganya dawa, kutoa vyakula nje kabla ya kupuliza, na kutafuta kunguni kwenye maungio ya kitanda na mikunjo ya godoro. Kilichobaki ni anipeleke kwenye nyumba yenye wadudu, nifanye kazi akinitazama, kisha anipe leseni. Nikishindwa, narudi kuchuma chai ya baba. Na mimi, kwa mdomo wangu, nilikuwa nimeshatangaza kijiji kizima kwamba kuchuma chai nimeachana nako!

Basi asubuhi hiyo gari la ofisi likapita soko la Birongo, likakata kona, likasimama kwenye boma moja. Nikashuka na bomba langu mgongoni, nikainua macho. Lo! Ni kwa mama mkwe.

Kwetu Wakisii kuna heshima tunayoiita chinsoni. Nyinyi siku hizi mnapiga picha na mama wakwe mmekumbatiana, haya, ni zama zenu. Wakati wetu mkwe hakuingia chumba anacholala mama mkwe, wala hakutia jicho kitandani pake. Ukifanya hivyo umezivunjia heshima nyumba mbili. Na kunguni, mwanangu, utamtafuta wapi kama si kitandani?

Nilikwama mlangoni. Majirani walikuwa wamekwisha kusanyika, maana gari la serikali halikuwa kitu cha kila siku. Ningeweza kusema neno moja tu: hapa ni kwa wakwe zangu. Sikusema. Niliona haya kumwambia mtu wa pwani kwamba mila yangu inanizuia. Na niliona haya kubwa zaidi, ambayo hata sasa ulimi unanikwama nikiitaja: sikutaka ijulikane kwamba nimeoa kwenye nyumba yenye kunguni.

"Ingia, kijana," Bwana Afya akasema.

Nikashikashika mkanda wa bomba kana kwamba umelegea.

"Unawaogopa kunguni, na unataka leseni ya kuwaua? Kama huwezi, sema, turudi zetu."

Watu wakaangua kicheko.

Ndipo sauti ikatoka nyuma ya migomba. Mama mkwe alikuwa amesimama huko ametugeuzia mgongo, leso kichwani hadi usoni, akisema kwa Kikisii ili mzee wa kijiji amtafsirie mgeni. "Mwambie bwana mkubwa asimlaumu huyo. Ni mume wa binti yangu, haruhusiwi humo. Kunguni ni wangu. Mimi ndiye niliyeomba dawa, wananimaliza. Mpeni nyumba nyingine apimwe."

Mjane yule, shemasi wa kanisa la Wasabato, akatangaza kunguni wake mbele ya majirani ili mimi nisikose kazi. Na mimi nimesimama pale, mzima, nina meno yote kinywani!

Bwana Afya akanigeukia. "Mbona hukusema? Hata kwetu wakwe wanaheshimiwa." Akanipeleka nyumba ya jirani, nikapuliza vizuri, nikapita. Tulipokuwa tukirudi akaniambia, "Leseni utapata. Lakini nyumba ya yule mama nimekuachia wewe. Mtume mwenzako yeyote aje ampulizie."

Nikaitikia, "Ndiyo, bwana."

Na kazi ikashika kasi. Nilipuliza nyumba za wageni Keroka, nilipuliza maghala ya wafanyabiashara Tabaka, nikanunua saa ya mkono. Birongo sikumtuma mtu. Kila nilipotaka kumwambia mwenzangu Nyabuto, nilimsikia kichwani akicheka: muua kunguni, kwa wakwe zake wanafuga kunguni! Nikaahirisha wiki hii, nikaahirisha na ile. Kerubo akinigusia, namjibu kwamba chinsoni hainiruhusu. Nilijikausha kabisa, na heshima nikaifanya kichaka cha kujifichia.

Kisha Kerubo akampeleka mtoto wetu wa kwanza akaonwe na bibi yake huko Birongo. Aliporudi, nyanya yangu mzaa baba akampakata kitukuu wake, akamfunua shingo. Ngozi ilikuwa imevimba, nyekundu, mistari mistari, na mtoto anajikuna huku analia.

Kwetu nyanya na mjukuu hutaniana, hakuna kificho, kwa hiyo nilijua maneno yangu nitayapata.

"We, bwana dawa," akaniita. "Saa imekaa vizuri mkononi. Huyu nani amemuuma?"

"Nyanya, nyumba ile siwezi kuingia. Unajua mwenyewe."

"Najua. Mimi ndiye niliyekufundisha. Chinsoni imekukataza kuingia. Imekukataza kutuma mtu?"

Nikavuta mkono wa shati, nikaifunika saa.

"Yule mama analala wapi usiku, wewe ukilala kwenye godoro safi? Heshima gani hiyo ya kumwacha mtu aliwe? Usinitajie chinsoni tena. Wewe unajionea haya tu, humwonei haya mtu mwingine!" Akamrudisha mtoto kwa mama yake, akanigeuzia mgongo. Mwanangu, nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

Kesho yake nikaenda na Nyabuto. Nilimweleza yote njiani. Wala hakucheka, aliniambia hata kwa shangazi yake wamo. Mimi nikabaki nje ya boma nikimchanganyia dawa, yeye akaingia.

Jirani mmoja mwanamke akapita na kikapu, akasimama kunisalimu. "Afadhali leo amekubali," akasema. "Sisi alituambia ulimletea dawa zamani, yeye ndiye aliyekataa. Eti harufu inamsumbua kifua. Tukamlaumu sana, tukamwambia mkwe anakujali nawe unaringa."

Hakuna aliyewahi kumpelekea dawa. Alilala na wadudu, akalaumiwa na majirani, akakubali kuitwa mkaidi, ili jina langu lisiharibike. Niliinama kwenye ndoo nikakoroga dawa iliyokwisha kukorogeka, machozi yananidondoka, nikamwacha yule mwanamke adhani ni ukali wa dawa.

Sasa nisikilize, mwanangu. Kazi hii itakuingiza kwenye vyumba ambavyo hata ndugu wa mtu hawaingii. Utaona wadudu kwa mwalimu, kwa mchungaji, kwa tajiri. Ukitoka, funga mdomo wako. Lakini pale unapotakiwa kusema, sema: hapa siwezi kuingia, naomba aingie mwingine. Hakuna atakayekunyang'anya leseni kwa hilo. Na usimwache mtu ateseke kwa sababu wewe unaona haya kujulikana ni wako. Anza na walio wako. Nenda kwao kabla hujapuliza hoteli ya mtu yeyote, na pasipokuruhusu kufika wewe, tuma mtu leo, usingoje mtoto aumwe.

Mungu aibariki mikono yako. Akulinde na sumu unayoibeba, akupe nyumba zinazokufungulia mlango kwa furaha, na akujalie mama mkwe kama wangu. Akikujalia, mwanangu, usimfanye adanganye kwa ajili yako.