Begi Nililolipaka Mafuta ya Korosho

Sikutoka nyumbani kwangu Mkomaindo, Masasi, kwenda kutalii. Mtu wa umri wangu hatalii, ana kazi. Nilitoka kwa sababu ya binti yangu Esta, ambaye watu humwita Mama Neema. Esta ni mwalimu Newala, anafundisha wasichana. Alitaka likizo ya mwezi wa sita awatembeze wasichana kumi na mmoja kwa miguu kutoka Masasi hadi Newala, siku tatu, walale chini ya turubai na kujipikia wenyewe. Mwalimu mkuu wake hakukataa wala hakukubali. Alimwambia atembee yeye kwanza, na vifaa vilevile watakavyobeba wasichana, kisha Jumatatu asimame mbele yake. Akiwa mzima, wasichana wataenda. Akiwa ameumia, jambo hilo lisizungumzwe tena.

Vifaa vya safari za namna hiyo huku kwetu havipatikani madukani. Esta akaja kwangu. Mimi ni fundi turubai. Shule niliishia darasa la pili, lakini sijui lori la korosho la Masasi ambalo turubai lake halijapita mikononi mwangu. Nikamwambia aende zake akafundishe, begi nitalishona.

Nikalishona kweli. Turubai la lori lililochoka pembeni lakini zima katikati. Mikanda ya begani nilitoa kwenye viti vya gari bovu, ile ya kufungia abiria, maana haikatiki hata uivute na ng'ombe. Hema nilifanya kipande kimoja cha turubai, kamba ya katani na vigingi vya mwanzi. Usihangaike na hema lenye vyumba. Unachotaka ni paa na upande mmoja wa kuzuia upepo. Jiko nilitoboa kutoka kopo la rangi. Godoro ni magunia mawili yaliyoshonwa pamoja, ukifika unayajaza majani makavu, ukiondoka unayamwaga. Dumu la maji la lita tano nililivika gunia. Ukililowesha gunia lile asubuhi, maji yanabaki ya baridi mpaka mchana.

Likabaki jambo la umande na manyunyu. Hapo ndipo nilipojiona mjanja. Sisi huku nguzo za nyumba tunazipaka mafuta ya maganda ya korosho, yale meusi, na mchwa hawazigusi. Nikasema, kinachozuia mchwa miaka kumi kitashindwa na manyunyu? Nikalipaka begi la Esta mara mbili, nikalianika juani wiki nzima. Likawa jeusi, linang'aa. Nikalitundika kwenye msumari, nikalijaza mawe, likakaa siku mbili bila mshono kuachia. Nikasema limepita.

Ijumaa, saa kumi na mbili asubuhi, tulitoka Mkomaindo. Esta alivaa begi jipya, mimi nilivaa langu la zamani, lisilopakwa kitu. Miguuni tulivaa katambuga za tairi. Alikuwa na viatu vya raba vizuri, nikamwambia aviache. Raba mpya inakula kisigino, na ikilowa hailingani tena na mguu wako. Katambuga ikikatika unaifunga kwa waya unaendelea.

Njia ya Lupaso ilikuwa nzuri. Mvua zilikuwa zimeisha, muhogo umesimama, na kwenye mikorosho watu walikuwa wameanza kupuliza salfa, vumbi lake la njano linatua kwenye majani na kwenye nyusi zao. Tulisalimiwa kila penye nyumba. Watu walidhani tunauza kitu. Mzee mmoja alitaka kujua begi lile ni la dawa au la injini. Esta alicheka sana. Kufikia mchana alikuwa hacheki tena, lakini mimi nilidhani ni jua.

Saa kumi na moja jioni tulifika shamba la Mama Somoe, nje kidogo ya Lupaso. Huyu ni mama wa Kimakonde, mjane, anabangua korosho kwa mkono, na tunajuana tangu marehemu mumewe alipokuwa dereva. Sisi Wamakua na wao ni watani, kwa hiyo hatukuanza kwa upole. Alitutazama, akauliza kama nimemfukuza binti yangu nyumbani mpaka nimtwike nyumba nzima mgongoni. Esta akamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba mwanangu, akampa maji. Tulifunga turubai kati ya mikorosho miwili. Alitushangaa kwa nini tusilale ndani. Nikamweleza habari ya mwalimu mkuu. Akasema sawa, laleni na mbu wenu.

Jumamosi, jua likichomoza, nilikuwa nimeshazima jiko na kukunja turubai. Esta alishika begi, akalinyanyua, akaliweka chini. Akalinyanyua tena. Nikamwambia tunachelewa. Mama Somoe alikuwa anafagia. Akaacha fagio, akamwendea, akamshusha khanga begani bila kuomba ruhusa.

Mabega yote mawili yalikuwa yamepasuka malengelenge. Meusi pembeni, mekundu katikati, marefu kama mkanda wenyewe.

Mama Somoe alilinusa begi, akakunjua viganja vyake akanionyesha. Vina makovu ya miaka ya kubangua. Wabanguaji wote hupaka majivu mikononi kabla ya kushika ganda, kwa sababu mafuta yale yanachoma kama moto. Mtoto wa Lupaso anajua. Mimi pia nilijua. Ila nilijua kwa habari ya mikono, sikujua kwa habari ya mgongo. Na mikono yangu ina sugu, nilipaka bila kuhisi. Joto la mwili na jasho lilikuwa limeyaamsha mafuta niliyodhani yamekauka.

"Baba Esta," alisema Mama Somoe, "wewe ulilivaa hili?"

Nikasema nililitundika kwenye msumari, na mawe.

"Msumari una ngozi?"

Nilimuuliza Esta kwa nini hakusema tangu jana. Akasema aliniona nimefurahi sana.

Kauli hiyo iliniingia vibaya kuliko ya mama yule.

Mama Somoe alimwosha kwa sabuni na maji mengi, akampaka mafuta ya nazi, akamfunika kwa khanga kuukuu laini. Nilisema turudi. Esta akakataa. Akasema akirudi, wasichana hawatatoka kamwe. Ndipo Mama Somoe akauliza nani alituambia mzigo ni lazima ukae mgongoni. Alimviringishia kata ya kitambaa kichwani, akahamishia vitu vyake kwenye gunia safi, akampandishia. Esta akasimama sawasawa, shingo imenyooka, kama wanawake wote wa hapa wanaotembea na ndoo. Mimi nilikuwa nimeona kubeba kichwani ni mambo ya kizamani, ya watu wasio na begi.

Lile jeusi likabaki chini, tupu.

"Hilo livae wewe," Mama Somoe akaniambia. "Ulijue."

Nikahamishia vitu vyangu humo, nikamwachia langu la zamani, nikalivaa lile jeusi.

Jumamosi jioni tulilala chini ya mteremko wa uwanda wa juu wa Newala. Sitaki kuwaeleza mchana ule kwa urefu. Nilianza kuwashwa saa nne, saa nane nilikuwa naungua. Kila nilipotaka kulivua nilitazama khanga ya Esta mbele yangu, nikaendelea.

Jumapili tulipanda. Njia ni kali, mawe yanateleza kwa umande, na mahali pa kushika kwa mikono Esta alishusha gunia akanipa, akapanda, nikamrushia kamba akalivuta. Kwa hiyo kamba ya katani beba ndefu kuliko unavyofikiri. Juu, ukigeuka, unaiona nchi ya chini yote tuliyotoka, ya buluu. Tukapumzika hapo.

"Baba," Esta akasema, "kesho nitavaa blauzi ya mikono mirefu. Mwalimu mkuu hataona."

Nikakaza fundo la gunia lake.

"Sitaki waseme kazi yako mbaya."

Sikumkataza. Niseme ukweli, nilipenda alivyosema. Jina langu nimelijenga kwa sindano tangu sijaota ndevu.

Newala tulifika alasiri, na ukungu. Kwa mwenye nyumba anayempangisha Esta tulipewa kikombe kimoja kimoja cha maji ya kunywa na kimoja cha kunawa wote wawili. Huko maji ni ya kupima. Ukija na dumu lako limejaa, mwenyeji anakuheshimu. Dumu letu lilikuwa na nusu, tukampa.

Jumatatu, saa mbili, tulikuwa ofisini kwa mwalimu mkuu, mama wa makamo mwenye miwani na maneno machache. Aliniamkia, nikaitikia. Alimzunguka Esta, akamtazama miguu, akamuuliza alilala vipi, alikula nini. Esta alijibu vizuri. Mama yule akatabasamu, akasema anaona ni mzima.

Yalikuwa yamekwisha. Kisha akageuka kwenye begi lililokuwa miguuni pangu.

"Ndilo watakalobeba watoto?" Akainama, akashika mkanda aupeleke begani kwake.

"Usilivae," nikasema. "Limemuunguza binti yangu. Nililipaka mafuta ya korosho kwa ujuaji wangu. Kosa si la mwalimu, ni langu."

Esta alitazama chini. Mwalimu mkuu alimwambia avue blauzi, mimi nikatoka nje. Waliponiita, miwani ilikuwa mezani.

"Nilisema akiumia hatuzungumzi tena," alisema.

"Nimesikia ulisema."

"Bila mafuta, unaweza?"

Nikamwambia nta ya nyuki ipo, inayeyushwa na kupakwa nje tu. Sehemu ya mgongo na mikanda ni gunia safi, haiguswi na kitu. Na kila msichana atakuwa na kata yake, akichoka mgongo ahamishie kichwani.

Akachukua miwani, akaivaa. "Kila begi utalivaa wewe kwanza. Siku nzima, ukitembea. Nitauliza watu wa Masasi kama umevaa."

Nilirudi Mkomaindo kwa basi, nimekaa mbele kabisa ya kiti nisiguse mgongo. Mabega yalipona baada ya wiki mbili, ya Esta yalichukua zaidi.

Nimejifunza hivi, na wewe unayetaka kujitengenezea chukua: turubai kuukuu ni zuri, mkanda wa gari ni mzuri, kopo la rangi linatosha. Lakini usimpe mtu kitu ulichokipima kwa mawe. Kipime kwa mwili wako, na jasho lako. Na anayekipokea akinyamaza, muulize, kwa sababu anayekupenda hatakuambia.

Mabegi kumi na moja nimeyamaliza. Kila moja nimelivaa mjini, watu wakacheka, wacheke. La mwisho nililivaa juzi mpaka Lupaso, mchana wa jua. Mama Somoe aliniambia nivue shati. Akanigeuza huku na huku, akanipapasa mabega kwa vile viganja vyake, akachukua muda wake.

"Haya," akasema. "Waite watoto."