Nywele za Mama

Juzi nilimsuka binti yangu nikamwona na mba kichwani, nikakumbuka utoto wangu uani kwa bibi, kijijini Mgogoni. Karafuu zilianikwa juani, zikinukia. Bibi alinipaka mafuta ya nazi yaliyopashwa moto, akaukwangua ukoko wa mba taratibu kwa kitana, kisha akanisugua kwa ndimu. Ilinichonyota mno.

"Bibi, zikate tu!" nililia.

"Sizikati, mjukuu wangu. Hizi nywele za mamako."

Alimaanisha nimefanana naye. Mimi, niliyefichwa kifo na kuambiwa Mama kasafiri, nilidhani kaniachia nimtunzie, zikirefuka atazifuata. Nilifuta machozi, nikamwinamishia kichwa.

"Zimesharefuka, Bibi? Atakuja sasa?"

Alizigawa nywele zangu, akaanza kunisuka. Akasema polepole, "Bado kidogo, mwanangu."