Kununua Kigari kwa Futi

Jumamosi, nyuma ya hoteli moja ya Xiaobei, mtaa wetu wafanyabiashara wa Kiafrika huku Uchina, nilimkuta mwanafunzi wa Kitanzania akimuuzia mfanyabiashara wa nguo kigari chake cha Kimarekani.

"Kaka, sikiliza injini. Imetulia, na haili mafuta."

Kaka hakusikiliza chochote. Alifungua buti, akachomoa mfukoni futi yake ya kupimia mizigo ya kontena, akaanza kupima.

"Marobota mawili." Akalaza viti vya nyuma. "Manne. Hiki cha mbele kinang'oka?"

"Hicho ni cha abiria, kaka."

"Abiria apande metro."

Kijana, jasho likimtoka, akafungua boneti. Injini inang'aa kama sufuria mpya! Kaka akainama, akaingiza futi, akatikisa kichwa kwa masikitiko.

"Dogo, hapa umepoteza robota zima."

Alikinunua bila hata kukiwasha. Huko Marekani watu huuliza gari limetembea kilomita ngapi. Sisi wa Xiaobei tunauliza linameza nini. Nikaomba lifti. Kaka akanitazama tumbo, futi bado mkononi.

"Wewe ni robota moja na nusu," akasema.

Safu hii nimeiandikia kwenye metro, nimesimama.