Kanzu ya Sanda

Siku ile naikumbuka vizuri, mwanangu, kwa sababu ndiyo siku niliyomuua mama yangu kwa mdomo wangu mwenyewe, naye yuko kambini Dzaleka mzima wa afya, anasonga nsima, ugali wa huku.

Nilikuwa kijana, fundi cherehani. Vita vilikuwa vimetufukuza Kindu, mimi na mama, na mjini Lilongwe nilipata kazi kwenye baraza ya duka la vitambaa la Wahindi. Usicheke, baraza ile ilikuwa heshima kubwa. Wenzangu walishinda juani wakibeba abiria kwenye kabaza, baiskeli za kukodi. Duka lilisimamiwa na Yusufu, mjukuu wa mwanzilishi, ila neno la mwisho lilikuwa la bibi yake, tuliyemwita Dadi. Alizaliwa Tabora, na Kiswahili chake kilinitia aibu mimi niliyekuja nacho kutoka Kongo.

Mumewe Dadi alitoka Bara Hindi akauza vitambaa kwa miguu, kijiji hadi kijiji. Mtoto wao wa kwanza alifia njiani, mzigo wote ukiwa umechukuliwa na mto. Wanakijiji wasiowajua wakachimba kaburi bila kuombwa, na bibi mmoja akatoa shuka jeupe alilojiwekea mwenyewe liwe sanda yake. Tangu hapo ikawa desturi ya duka: aliyefiwa, wa dini yoyote, anapewa kitambaa cheupe bure. Mwana alirithi desturi hiyo, na mjukuu akairithi. Waliuliza kitu kimoja tu, jina la marehemu. Kisha Dadi alikichana kitambaa kwa mikono, mkasi haukuguswa, huku akilitaja jina lile.

Mimi nilikuwa na binti wa mtaa wa Biwi niliyetaka kumposa. Kwao wana nyumba ya matofali, na mimi nilikuwa na shati moja la msaada. Nilitaka kanzu nyeupe, siku ya posa wasione mkimbizi. Tamaa ilinipofusha, siwezi kuipamba.

"Dadi," nikamwambia, "mama yangu amekufa."

"Inna lillahi! Jina lake nani, mwanangu?"

"Mariamu."

Akachana, akitaja "Mariamu, Mariamu," na machozi yakamtoka yeye, mimi nikiwa mkavu. Nikashona kanzu yangu.

Nilichosahau ni kwamba watu wale hawakutoa kitambaa wakakaa. Siku ya tatu walikwenda kuhani. Ijumaa ile natoka msikitini pale kambini, kanzu mwilini, nikakuta gari ya duka mlangoni kwetu, Yusufu kwenye usukani, na Dadi ameshuka na sufuria ya biriani. Mama, ambaye hakujua lolote, alikuwa anafuta kiti kwa kanga yake.

"Karibu, mama. Njo we unamupatiaka Ramazani kazi? Ikala, ikala! Mi njo Mariamu, mama yake."

Dadi alimtazama mama, akanitazama mimi, akaitazama kanzu. Alijua kitambaa chake. Nilitamani ardhi inimeze. Akaketi, akanawa, akala nsima ya mama na kuisifu. Wakati wa kuondoka aliniambia kwa sauti ndogo, "Siku tatu namwombea marehemu Mariamu. Leo nimekula chakula chake." Hakuniambia neno lingine juu ya jambo hilo mpaka anakufa.

Yusufu ndiye ambaye hakunyamaza. Hakunifukuza, bibi yake alimkataza, lakini aliweka sharti: kuanzia siku ile, mtu wa Dzaleka alete karatasi ya zahanati inayothibitisha kifo. Desturi ya vizazi vitatu, mimi nikaivunja kwa nguo moja. Na posa yenyewe, ukitaka kujua, ilikataliwa.

Masika yalipokuja, jirani yetu Mama Zaina alifiwa na bintiye kwa kuhara. Baba wa mtoto alikuwa amebaki vitani. Asubuhi alipanda basi kwenda dukani, akarudi alasiri mikono mitupu. Ilikuwa Jumamosi, zahanati imefungwa.

"Banasema nilete papier," alituambia. "Mutoto iko pale chini, banataka papier. Tangu lini bantu banadanganya kifo?"

Mama aliniangalia. Sijui alikuwa anajua nini. Niliingia ndani, nikatoa kanzu, nikafumua mshono mmoja mmoja. Vipande vilimtosha Zaina, alikuwa mdogo. Mama Zaina alinishika mikono miwili, akaniinamia.

"Zikomo, Ramazani. We njo muntu. Mungu akulipe."

Nami nikaipokea shukrani ile. Nilisema amina. Kambi nzima ilinisifu, na kila aliponisifu mtu nilichukia sura yangu. Mama Zaina yuko hai mpaka leo, bado ananiita mtu mwema. Nimefika mlangoni kwake mara nyingi kumwambia ukweli, nikaishia kumsalimia.

Kwa hiyo, mwanangu, ukikuta watu wanaotoa bila kuuliza, jua kwamba kuna kaburi la mtoto wao nyuma ya mkono ule. Usiuchezee. Ukiwadanganya, hutaadhibiwa wewe. Ataadhibiwa jirani yako atakayekuja na msiba wa kweli, naye hatajua kwa nini. Na kama umeshakosa, sema mapema, kabla hujashukuriwa. Mimi nilichelewa.

Mungu akulinde na tamaa ya nguo moja. Akupe maisha marefu, na siku jina lako litakapotajwa kwenye mlango wa mtu, asitokee wa kuuliza karatasi.