Samaki Asiye na Kichwa

Likizo ile nilishuka treni Kindu nikiwa na mikebe sita ya samaki ndani ya sanduku, imebanwa katikati ya vitabu. Niliinunua Elisabethville, nilikokuwa mwaka wa pili chuo kikuu. Bwaloni walitupa samaki huyo kila Ijumaa, kwa sababu Wakatoliki hawali nyama siku hiyo. Alikuwa mkavu, mwekundu kidogo, hana mwiba hata mmoja, na kwenye karatasi ya mkebe paliandikwa kwa Kifaransa thon. Watu wa pwani humwita jodari. Wakati ule sikuwa na jina lake kwa Kiswahili, wala sikuona sababu ya kulitafuta.

Mikebe ilikuwa ya dada yangu. Alikuwa na mimba ya miezi sita, amerudi kwa bibi yetu, tuliyemwita Koko, ili ajifungulie huko, kwa kuwa mama yetu hayupo tena duniani. Mtoto wake wa kwanza alikufa siku ileile aliyozaliwa. Kabla hata hajazikwa, mama mkwe wa dada alikuwa amekwisha sema sababu: dada alikula kambale akiwa na mimba.

Kwetu mwanamke mwenye mimba hali samaki wa ngozi laini asiye na magamba. Husemwa kwamba mtoto naye atateleza atoke kabla ya siku zake, kama kambale anavyokuponyoka mkononi. Nilipokuwa na miaka kumi niliuliza kwa nini wanaume wanaokula kambale hawapotezi kitu, nikaambiwa niende nikachote maji. Nilikua na maswali ya namna hiyo, na kila shule niliyoingia iliniongezea mengine.

Dada aliniambia mimi peke yangu kwamba ni kweli alikula. Kipande kimoja kilichokaushwa kwa moshi, jikoni kwake, mara moja tu.

Safari hii hakutaka kukosea. Mayai hakula, maana nayo yamekatazwa. Kapitene, samaki wa magamba anayeruhusiwa, alikuwa haba. Mto ulikuwa umejaa na wavuvi walileta kambale tu. Nyama ilionekana kwa nadra. Akabaki na wali na sombe, majani ya muhogo. Sista wa zahanati alimvuta kope la chini, akaliona jeupe, akamwambia damu imepungua, ale samaki, ale nyama, ale mayai. Ukutani nyuma yake palikuwa na picha ya mwanamke wa Kizungu mbele ya sahani iliyojaa vyote hivyo. Dada akaitikia ndiyo, Sista, akarudi nyumbani kwenye sombe yake. Akitoka kisimani alikaa chini katikati ya njia mpaka kizunguzungu kimwachie.

Kwa hiyo nilijiona nimeleta jibu. Siku ya pili baada ya kufika niliweka mkebe mmoja mkekani, uani, mbele ya Koko. Mama mkwe wa dada alikuwapo pia, anapepeta mchele. Nyumba yake ilikuwa ya tatu kutoka kwetu na alikuja kila siku kumwangalia mkwewe.

“Njo nini hii?” Koko aliuliza.

“Samaki, Koko. Ana nguvu sana. Anajenga mwili.”

“Kichwa yake iko wapi?”

“Wamekikata kiwandani.”

“Na ngozi?”

“Wameitoa.”

“Na miiba?”

“Hiyo pia.”

“Sasa wewe umejua namna gani ni samaki?”

Nilimwonyesha picha kwenye karatasi: samaki wa buluu anaruka juu ya maji, mdogo kama kucha. Mama mkwe akaweka ungo chini, akacheka.

“Mukebe ya maziwa iko na sura ya mutoto,” alisema. “Ndani yake wametia mutoto?”

Koko alicheka pia, lakini si sana. Miaka ile watu wengi walisema kwamba kuna waliokamatwa njiani na kuuzwa kwa Wazungu, wakaishia ndani ya mikebe. Nilijua ni uvumi. Kuwathibitishia kwamba ni uvumi, sikujua ningeanzia wapi.

“Tuseme ni samaki,” Koko akaendelea. “Iko na magamba?”

Nilikuwa nimemla samaki huyo Ijumaa zaidi ya thelathini. Nilijua ana protini nyingi na chuma kiasi, na kwamba dagaa wa mkebe wanamzidi kwa kalsiamu, kwa sababu wao huliwa pamoja na miiba yao. Lakini mwili wake mzima sikuwa nimeuona hata siku moja. Neno “ndiyo” lilikuwa tayari ulimini. Dada alikuwa ameketi mlangoni. Hakuutazama mkebe, alinitazama mimi. Nikidanganya na likatokea baya, hakuna atakayesema kijana wa chuo kikuu alidanganya. Watasema mwanamke yule amekula tena.

“Sijui,” nilisema.

“Miaka yote ile shuleni!” Mama mkwe aligeukia ungo wake. “Muzungu mweusi amekuja kutufundisha kuzaa, na samaki yake hajaiona.”

Koko aliomba kisu. Alitoboa mkebe kuzunguka ukingo wake, akamwaga mafuta kwenye bakuli, akayanusa, akajipaka tone kwenye kifundo cha mkono na kulinusa tena. Kisha akatoa kipande cha nyama, akakivunja kwa vidole polepole juani.

“Nyama ya kambale inashikana,” alisema, kama anayejisemea. “Inateleza mpaka kwenye meno. Hii inaachana. Tazama, inaachana kipande kipande, kama ya kapitene.” Akanisogezea bakuli. “Kula wewe kwanza.”

Nikala. Yeye akala. Tulimaliza mkebe wote sisi wawili, na akatangaza kwamba dada atangoja mpaka siku ya tatu, aone kama tutaugua.

Nilikasirika. Siku mbili kwa mwanamke anayeanguka njiani! Nilizunguka mtaani nikijibizana na watu wasiokuwapo, mpaka nilipokumbuka kwamba kule maabara tulifanya mambo yaleyale, tofauti ni kwamba tuliyaandika daftarini. Koko alikuwa amechunguza. Mimi nilikuwa nimesoma karatasi ya mkebe. Jioni nilimwambia dada ale tu, kwa siri, mimi ningemfungulia.

“Wewe utapanda treni,” alinijibu. “Mimi nitabaki hapa na maneno ya watu.”

Siku ya tatu alikula. Koko alikaanga kitunguu kwa mafuta ya mkebe, akatia nyanya na pilipili, akamwaga samaki mwishoni kabisa kwa kuwa amekwisha pikwa. Dada alionja akasema hana ladha, kisha akakwangua sahani. Mkebe uliofuata uliingia kwenye sombe ili utoshe nyumba nzima, mwingine kwenye maharagwe. Makopo matupu yakawa vipimo vya mchele.

Baada ya wiki mbili mikebe ilikwisha. Dada alikuwa na nguvu kidogo, au mimi nilitaka awe nazo, siwezi kuapa. Mikebe mitano iliyoliwa na watu watatu haitengenezi damu, hilo nililijua kabla sijapanda treni. Nilileta kidogo kisha nikataka kifanye kazi kubwa.

Mchana mmoja Koko alikuwa anasugua mkebe wa mwisho kwa mchanga, dada yuko kando yake anachambua majani ya muhogo.

“Koko,” dada alisema, “wewe wakati wa mimba zako ulikula kambale?”

“Hata siku moja.”

“Ulizaa wangapi?”

“Tisa.”

“Na ulizika wangapi?”

Koko aliendelea kusugua. “Wane.”

“Hao wane, walikufa na nini?”

Nilikuwa nimeuliza maswali maisha yangu yote, na hilo halikunijia hata mara moja. Naona sasa sababu yake: mimi niliuliza ili nishinde. Dada alitaka kujua. Koko aliinuka, akaingia ndani.

Asubuhi alitoka mapema. Alirudi kutoka mtoni na kambale mbichi, mrefu kama mkono, sharubu zimening'inia nje ya kikapu. Hakwenda jikoni. Aliweka mafiga katikati ya ua, panapoonekana na kila apitaye, akampika mzima, kichwa kikitokeza juu ya sufuria. Mama mkwe alipofika alisimama palepale.

“Unamupikia nani hiyo?”

“Mujukuu wangu.”

“Na mutoto akipotea?”

“Utakuja kwangu,” Koko alisema. “Utasema njo mimi nilipika. Jina ya muntu mwingine usitaje.”

Nilidhani mama mkwe ataondoka. Akavuta kigoda.

“Tia ndimu,” alisema. “Inanuka matope.”

Dada alikula mbele yake, kwa mkono, akianzia mkiani.

Mtoto alizaliwa nimekwisha rudi Elisabethville. Ni msichana, na dada aliandika kwamba akilia husikika hadi nyumba ya tano. Sijui kambale alifanya nini, wala mikebe, wala vidonge ambavyo Sista alimpa baadaye. Mtoto mmoja si ushahidi wa kitu chochote. Katika barua hiyohiyo dada alieleza kwamba mama mkwe wake anawaambia watu wote sokoni kuwa mtoto ana uzito namna hiyo kwa sababu ya mchele wa shamba lake. Nilichukua kalamu ili nipinge. Kisha nikaandika tu kuuliza wamempa jina gani.