Ndoo ya Kuogea Mama Mkwe

Nasimulia jambo hili kwa aibu, na nyie marafiki mliozoea niwafundishe kubana matumizi nawaomba msicheke kabla sijamaliza, kwa sababu mwishoni hakuna cha kuchekesha.

Mke wangu, Leokadia, alikuwa amerudi kwao Kasansa miezi minne, akisema amechoka kuishi na mtu anayeshona ndala kwa waya na kuepua maharage kabla hayajaiva ili mkaa ubaki (yalikuwa yanamalizikia kuiva ndani ya blanketi, nilishapima, lakini hakutaka kusikia). Nilimpigia simu nikaahidi kubadilika. Mwezi wa sita akaja, ameletwa na mama yake, aliyesema atakaa siku tatu hapa Nsemulwa aone kwa macho yake kama mwanawe anaishi vizuri.

Leokadia alikuwa ameniagiza ninunue ndoo mpya ya mgeni kuogea. Mimi nilikuwa na ndoo iliyopasuka kitako, nikaiziba kwa plastiki ya dumu niliyoiyeyusha kwa kisu cha moto, nikaijaza maji baridi siku mbili na haikuvuja hata tone, basi nikaona kununua nyingine ni kupoteza. Nikaisugua mpaka ikang'aa. Leokadia alipoiona akanishukuru, nami nikanyamaza. Kwa maji ya moto sikuwa nimeijaribu.

Asubuhi ya pili kulikuwa na baridi. Leokadia akachukua maji niliyoyachemsha kwenye makaa yaliyobaki baada ya chai, akayamimina kwenye ile ndoo, akampelekea mama yake kwenye bafu la nje, kisha akaenda sokoni kutafuta samaki aina ya migebuka. Nikiwa ndani nikasikia mlio kama wa kofi, halafu maji yakimwagika, halafu sauti ya mama mkwe ikimwita mwanawe kwamba ana sabuni machoni na maji yote yamekwenda.

Sasa nyie mnajua, mkwe hasogelei bafu analoogea mama mkwe wake. Mimi hata njiani nikimwona natafuta pa kupita. Nikajaza maji kwenye beseni, nikafika kona ya nyumba, nikarudi, nikaenda tena, nikarudi (mara nne, nilihesabu), kuitika siwezi, kunyamaza siwezi, naye anaita tu. Mwishowe nikatoka na beseni langu hadi kwa kina mama waliopanga foleni bombani, na ili wanielewe ikabidi nieleze yote, mpaka kile kiraka.

"Shemeji," akaniuliza jirani yangu Mama Pendo mbele ya wote, "yaani mkweo mwenyewe umempa ndoo ya kiraka?"

Akachukua beseni, akaenda. Wenzake walicheka hadi wengine wakakaa chini, na Leokadia aliporudi na samaki wake alikuwa ameshasimuliwa njiani.

Hakugomba. Heri angegomba. Aliingia chumbani na mama yake, wakatoka na mabegi, na mama mkwe, akiwa amenipa mgongo, akamwambia mwanawe waondoke jua halijawa kali. Leokadia alisimama mlangoni kidogo.

"Nilimwapia mama kwamba umebadilika," akasema. "Nilimwapia."

Hii ni wiki ya saba. Nikipiga simu anapokea, ananiuliza kama nimekula, anakata. Mimi sitamfundisha mtu tena. Akija mtu kuniuliza namna ya kubana matumizi ya mkaa, namwambia akamuulize anayeishi na mke wake.